Nondo Zilizopakwa Mawese

Mimi nilisema, na sikusema kwa siri. Nilisema dukani kwangu, mbele ya watu, kwamba siku gari litakapopanda mlima wa Rusenyi kwenye mvua bila kuvutwa kwa kamba, nitapika pilau nilishe kijiji kizima, hata wale wanaonisengenya. Watu walicheka sana. Nami nilijua mchele wangu uko salama.

Haki ya kusema hivyo nilikuwa nayo. Nimekaa na duka chini ya mlima ule, upande wa Busunzu, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Baba yangu alikuja Kibondo kutoka Pangani na biashara ya chumvi na vitambaa, akaoa hapa, akazikwa hapa, kwa hiyo asije mtu akaniambia Rabia ni mgeni. Kiangazi mlima ulikuwa vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye sukari. Mvua zikianza ulikuwa utelezi mtupu, hata mbuzi walikuwa wanafikiri mara mbili. Kila mwaka ulimwagiwa moramu, udongo wa changarawe, na kila mwaka mvua ilizoa ile moramu ikaipeleka bondeni kwenye mashamba ya watu.

Ndiyo maana kijiji chetu kilikuwa na desturi yake. Mvua ikinyesha na mngurumo wa injini ukasikika kutoka bondeni, hakuna aliyesubiri kuitwa. Aliyekuwa anakula aliacha sahani, aliyekuwa ananyonyesha alimpa mwenzake mtoto. Watu walitoka na majembe na matawi, wanawake wakashika kamba mbele ya gari, wanaume wakasukuma kwa nyuma na kuogeshwa tope. Kazi hiyo ilikuwa na nyimbo zake na viongozi wake. Kamba yenyewe, ya katani, nene, ilitunzwa nyumbani kwa Mama Ernesta, ikining'inia ukutani juu ya majembe yake.

Mama Ernesta alikuwa na sababu ya kuitunza. Mumewe, mzee Longinus, alifia kwenye mlima ule. Tumbo lilimshika, gari la wagonjwa likaja kumchukua kumpeleka Kibondo, mvua ikawahi. Tulivuta tangu mchana. Gari lilipanda kidogo, likateleza, likapanda tena, likarudi likalala ubavu kwenye mtaro. Mama Ernesta alikuwa wa kwanza kwenye kamba, hakukubali mtu ampokee. Tulipolifikisha juu ilikuwa jioni na mzee alikuwa ameshakata roho, huko ndani na nesi, huku sisi tunaimba nje. Nilikuwepo. Viganja vyangu vilichubuka, na mpaka leo nikikumbuka siku ile naona hasira kabla ya huzuni.

Binti yao Ernesta alikuwa bado mwanafunzi. Hakulia pale barabarani. Aliutazama ule mlima kwa chuki ambayo sijawahi kuiona usoni kwa mtoto, halafu akamshika mama yake mkono wakaenda nyumbani. Baadaye tukasikia amekwenda Kasulu kujifunza ujenzi. Watu wakasema, msichana huyo ataishia kubebea mafundi ndoo za maji. Nami nilisema hivyo, kwa sababu mdomo wangu haukosi neno.

Basi mwaka 2013, kiangazi kinaelekea kwisha, lori likashusha vyuma chini ya mlima, na aliyeruka kutoka kwenye lori, na kofia ngumu kichwani, alikuwa Ernesta. Alikuwa amekuja kama fundi nondo mkuu, yule anayekata, kukunja na kufunga vyuma kabla zege halijamwagwa. Pamoja naye alikuja injinia Lusajo, kijana mrefu wa Tukuyu, mpole wa kusema, ambaye alikuwa akiangalia mawingu kuliko alivyoangalia watu. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu, "Mama, kwetu Tukuyu mvua haipigi hodi. Nimezoea kuichunga."

Habari yao ilikuwa hii. Barabara nzima ingebaki ya udongo, lakini kile kipande kikali, kuanzia kwenye kona mpaka kileleni, kingejengwa kwa zege lenye nondo ndani. Walikichimba chote wakakishindilia, magari yakawa yanapita njia ya pembeni, kwenye shamba la Venanti. Njia hiyo ilifaa kwa kiangazi tu. Mvua ikianza kabla ya zege kumwagwa, hatungebaki na mlima mbaya, tungebaki bila njia kabisa. Na mashine kubwa ya kuchanganyia zege ilikuwa inasubiriwa Buhigwe. Kwetu ingekaa wiki moja tu, kisha inaondoka, zege limwagwe lisimwagwe.

Venanti huyo ndiye aliyekuwa mnyapara wa vibarua, na ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote, ukinitoa mimi. "Nondo ni za maghorofa," alisema. "Barabara imelala chini, itaanguka kwenda wapi?"

Ernesta hakubishana naye. Alitengeneza visahani viwili vya zege, vyembamba, kimoja kitupu, kingine akakitia vipande vya waya vilivyopishana. Vilipokauka akaviegemeza kila kimoja juu ya mawe mawili, akanigeukia. "Bi Rabia, wewe ndiye mwenye mwili hapa. Panda."

Ningeweza kukasirika. Lakini watu walikuwa wamejaa, nikavua viatu, nikapanda kile kitupu. Kilikatika katikati, nusura nivunjike na mimi, watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Nikapanda cha pili. Kililia, kikapata ufa, halafu kikanibeba. Nilisimama juu yake nikiwaangalia.

"Zege lina nguvu ya kubeba, halina nguvu ya kuvutwa," injinia Lusajo akaeleza. "Jua litalitanua, baridi ya usiku italisinyaza, siku moja litapasuka tu. Nondo haizuii ufa. Kazi yake ni kuushika ufa usifunguke, maji yasiingie, magurudumu yasibomoe."

Kuanzia siku ile watu walizipenda zile nondo. Nadhani ndipo taabu ilipoanzia.

Ernesta alizipanga nyavu za nondo kuanzia juu kushuka, hazikugusa ardhi, kila wavu umekalishwa juu ya viti vidogo vya chuma ili ukae katikati ya zege na siyo chini yake. Alipiga magoti kutwa, koleo mkononi, akifunga kwa waya kiungo baada ya kiungo. Mama yake alikuwa akimletea ugali wa muhogo na maharage, anakaa kwenye ukingo, anamwangalia mwanawe. Sijui kama kuna mtu aliwahi kuangaliwa kwa fahari namna ile.

Palikuwa na nondo za aina nyingine, fupi, nene, laini, zisizo na mikwaruzo. Hizo zilikaa kwenye maungio, pale kipande kimoja cha zege kinapokutana na kingine. Nusu ya kila moja ilipakwa grisi, ili vipande vikitanuka viweze kusogea kidogo bila kusukumana vikapasuana. Jumamosi grisi ikaisha. Ernesta akamwuliza injinia kama mawese yangefaa, injinia akasema chochote kinachoteleza kinafaa. Akaletewa dumu la mawese. Akakaa pale mbele ya kijiji kizima, akichovya kitambaa na kuzipaka zile nondo fupi, moja moja, kwa utaratibu kama anayempaka mtoto mafuta.

Alichokiona Ernesta ni nondo fupi za maungio. Kijiji kiliona fundi anapaka chuma mawese.

Jumamosi hiyo hiyo jioni kikanyesha kimvua. Jumapili asubuhi Ernesta na injinia wakaenda Kibondo mjini kuileta ile mashine, nami nikadandia kiti cha mbele kwa sababu nilikuwa na mzigo wa kufuata. Huku nyuma watu wakatoka kanisani wakapita mlimani, wakakuta nyavu zote zimebadilika rangi. Kile kimvua kilikuwa kimezitia kutu nyekundu.

Mnapaswa kujua jinsi Waha walivyo na majembe yao. Kazi ya shamba ikiisha jembe linaoshwa, linapakwa mawese, linawekwa mahali pakavu. Mwanamke anayeacha jembe lake lishike kutu atasemwa kisimani mpaka ahame. Sasa Mama Ernesta akaona chuma cha mwanawe, mbele ya macho ya watu wote, kimeshika kutu kama cha mvivu. Na aliona kwa macho yake jana kwamba dawa ni mawese, tena mwanawe ndiye aliyeanza akakatishwa na giza. Akawaita wenzake. Kila mmoja akatoa mawese ya jikoni kwake. Walizipaka zile nyavu zote, kuanzia kwenye kona mpaka kileleni, juu na chini, kwa vitambaa na kwa mikono, wakiimba zile nyimbo za kamba.

Sisi tulirudi Jumatatu asubuhi na mashine ikivutwa nyuma ya lori. Tulipozunguka njia ya pembeni tukatokea chini, nikaona mlima unang'aa. Nikasema, "Haya, leo Rusenyi imevaa dhahabu." Nikamtazama Ernesta, nikaona midomo imemkauka.

Mama yake alikuwa anatusubiri chini, yeye na wenzake, wamevaa khanga zao za Jumapili, mikono bado ina wekundu wa mafuta. "Mwakeye, mwanangu," akamsalimia, "hapana kutu tena. Tumekumalizia kazi."

Ernesta aliteremka akaenda mpaka kwenye wavu wa kwanza. Akapitisha kidole juu ya chuma. Kidole kilipita bila kukwama popote. Akabaki ameinama hivyo hivyo, na hata aliyekuwa hajui kitu alijua kwamba kuna jambo.

"Mama," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo. "Zile fupi zinatakiwa ziteleze. Hizi zinatakiwa zishike. Kutu kidogo haina neno, hata inasaidia. Lakini chuma chenye mafuta zege halikishiki. Ufa ukija hakitaweza kuushika."

"Zimeharibika?" mama akauliza.

Injinia Lusajo ndiye aliyejibu, akivua kofia. "Mama, mimi siwezi kumwaga zege juu ya mafuta. Na nyavu nyingine zitoke Dar, ni mwezi na zaidi. Mashine haitakuwepo. Mvua itakuwa imeshafika."

Venanti akasogea. Akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio yangu ni ya mfanyabiashara. "Mwageni tu. Chuma kikishafunikwa kimefunikwa. Nani atafukua?"

Hapo nilimwona Ernesta amekasirika kweli. Alinyooka, na ile chuki ya utotoni ikarudi usoni, safari hii ikiwa na mtu wa kuipokea. "Mvua itafukua!" akasema. "Na siku hiyo ndani ya gari atakuwa baba yako, Venanti, siyo wangu. Wangu ameshakufa hapa hapa." Akatupa koleo chini. "Barabara hii nikiijenga kwa uongo, afadhali nisiijenge."

Venanti akaangalia viatu vyake. Wanawake wakaanza kulia. Mimi nilikuwa nimesimama na mzigo wangu wa sukari kichwani, sikuutua, nimesahau kama upo. Nilijua pilau langu limeokoka, na wallahi sikuona furaha hata chembe.

Aliyesogea ni Mama Ernesta. Alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akamwendea injinia. "Mwanangu, chuma kikioshwa mafuta yakatoka yote, kitashika?"

"Yakitoka yote, ego, kitashika," Lusajo akasema. Alikuwa ameshaokota Kiha kidogo. "Lakini yote, mama. Siyo karibu yote. Nitapima mwenyewe."

"Sisi tumepika kwa mawese tangu tuzaliwe. Unafikiri vyungu vyetu tunavioshaje?"

Lusajo akawaza, halafu uso ukamfunguka. "Majivu," akasema. "Majivu na maji ya moto. Magadi ya kwenye majivu yanayageuza mafuta kuwa sabuni. Inawezekana!" Akamgeukia Ernesta. "Lakini hapa hapafai, maji machafu yataharibu msingi. Itabidi nyavu zote zitolewe."

Maana yake ni kwamba kila fundo alilolifunga kwa magoti yake afungue. Ernesta aliinama akaokota koleo lake, akakata waya wa kwanza.

Na mimi nikatua mzigo. Nikafungua duka, nikatoa sabuni ya mche yote, brashi zote, na steelwire ya kusugulia masufuria, nikamwaga juu ya nyasi. Mtu akaniuliza nitapata faida gani. Nikamwambia anyamaze asugue.

Sijapata kuona kazi kama ile. Wanaume walizibeba zile nyavu wakazilaza kwenye majani ya kiunga cha Venanti, na Venanti hakusema neno, alibeba kuliko wote. Majivu yalitoka kila jiko, mengine yakaletwa kwa baiskeli kutoka vijiji vya ng'ambo. Maji yalichemshwa kwenye mapipa yale yanayopikiwa pombe ya ndizi, na siku hizo hakuna aliyelalamika kukosa pombe. Tulisugua kwa maganda makavu ya mgomba, chuma kwa chuma, fundo kwa fundo, mpaka kucha zikaungua kwa magadi. Waislamu, Wakatoliki, Walokole, walimu waliopangiwa kutoka mikoa ya mbali, nesi wa zahanati, wote tulikuwa tumeinama makalio juu. Kama kuna mtu aliwahi kunidharau kwa sababu ya duka langu, siku hizo alinisahau.

Injinia Lusajo alipita na kikombe cha maji. Alimwagia juu ya chuma kilichooshwa. Maji yakijikusanya yakawa matone matone, alitikisa kichwa, mafuta bado yapo. Maji yakitandaa yakakilowesha chuma chote, aliweka alama ya chokaa. Wavu wa kwanza kupimwa ulikuwa wa Mama Ernesta. Matone yakakaa juu yake mazuri, ya duara. Watu wakaguna. Mama Ernesta akaubeba tena mwenyewe, akaurudisha kwenye majivu, akausugua kama una deni naye. Safari ya pili maji yalitandaa. Alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Burundi.

Jumatano mchana wavu wa mwisho ulipata chokaa. Ernesta alikuwa nyuma yetu wakati wote huo, anafunga upya, na alipofika kileleni Lusajo akapita juu ya kazi yake yote, akitingisha hapa na pale, akamrudia Ernesta. Alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, namna wanavyowasalimia wakubwa kwao.

Halafu tukamwaga zege.

Mashine ilinguruma tangu alfajiri mpaka jua linazama, siku zote zilizobaki. Kokoto, mchanga, simenti, maji, toroli zikipandishwa mlimani kwa mstari na kurudi zikikimbia. Zege liliporomoshwa juu ya zile nyavu, na Ernesta alikuwa juu yake na mabuti, akikemea kila aliyekanyaga ovyo. "Usiukalie wavu! Ukilala chini hauna kazi!" Sauti ilimkauka akawa anakemea kwa mikono. Lusajo alikuwa akiangalia mawingu. Ijumaa yakaja meusi kutoka upande wa Munanila, nami nikatoa maturubai yote ya dukani, tukafunika, mvua ikapiga juu yake kidogo ikaondoka zake. Tukafunua, tukaendelea. Kipande cha mwisho, pale kileleni, wanawake ndio waliokimalizia, wakikiburuzia mifagio ya miti kwa upana kabla hakijakauka, ili kiache mistari ya kushika matairi. Mama Ernesta alivuta ufagio wa mwisho.

Mashine ikaondoka kwenda Buhigwe kwa wakati wake, na Ernesta na Lusajo wakaenda nayo. Sisi tukabaki tukilimwagilia zege letu asubuhi na jioni, kama bustani, maana ndivyo tulivyoagizwa.

Njia ilikuwa bado haijafunguliwa pale Venanti alipokuja dukani kwangu mbio. "Limepasuka," akasema. Niliona hafurahi, nikajua kweli amebadilika. Nilimpigia Ernesta simu papo hapo. Siku ya pili yake alikuja na pikipiki kutoka Buhigwe, hajala, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule ufa. Ulikuwa mwembamba, umekata barabara kutoka ukingo mpaka ukingo. Watu tulimzunguka.

Ernesta akaniomba wembe. Nikampa. Akauweka juu ya ufa akausukuma kwa kidole gumba. Wembe haukuingia. Akahamia kwengine, akasukuma, haukuingia. Alitambaa upana wote wa barabara akijaribu, na wembe haukupata pa kuingia hata mahali pamoja. Akakaa chini pale pale katikati ya barabara, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Limepasuka na limeshikwa," akasema. "Zinafanya kazi. Mama, nondo zako zinafanya kazi!"

Mama Ernesta akapiga magoti akaupapasa ule ufa kwa kiganja. "Safi kabisa?" akauliza. "Hapana mafuta?"

"Hapana mafuta, mama."

Barabara ikafunguliwa. Novemba mvua zikaja kwa hasira, za kumwaga siyo kunyesha. Siku ya mvua kubwa kuliko zote nilikuwa dukani, siwezi hata kuona ng'ambo ya barabara, nikasikia injini bondeni. Halafu nikasikia king'ora. Lilikuwa gari la wagonjwa.

Sijui niwaeleze vipi. Tulikuwa tunajua kwamba zege lipo. Tumelimwaga wenyewe, tumelimwagilia. Lakini mwili una mazoea yake. Milango ikafunguka kijiji kizima, watu wakatoka mbio na majembe na matawi, nami nikatoka nimeacha duka wazi, na Mama Ernesta akatoka na ile kamba begani, mbele ya wote, kama siku ile. Tukafika kwenye kona, tukajipanga.

Gari likaja. Lilipunguza kidogo kwenye kona, dereva akabadilisha gia, likatupita. Halikuserereka hata kidogo. Taa zake nyekundu zilipanda mlima kwa mwendo ule ule, zikafika kileleni, zikazama upande wa pili kuelekea Kibondo. Ndani yake, tulikuja kujua baadaye, alikuwepo Esteri, mke wa mwalimu mkuu wa ng'ambo ya bonde, uchungu umemshika vibaya. Alijifungua hospitali, mtoto wa kike, na wote wazima.

Sisi tukabaki tumesimama pale kwenye mvua na majembe yetu, hatuna la kufanya. Mtu mmoja akaanza kucheka. Mwingine akadaka, kicheko kikaenda mpaka mwisho wa mstari, kisha kikageuka vigelegele. Venanti alikuwa analia waziwazi na hakujificha. Mama Ernesta hakucheka wala hakulia. Alitembea mpaka pale kwenye mtaro, mahali ambapo gari lile lililala ubavu, akasimama akalitazama zege, maji yakipita juu yake meupe, hayana tope.

"Longinus," akasema, "leo ungefika."

Nilimpigia Ernesta simu nikiwa pale pale, mvua ikiniingia kwenye sikio. Nikamwambia, "Limepita." Hakuuliza nini. Nilisikia anavyopumua, na nyuma yake mashine inanguruma Buhigwe.

"Limevutwa?" akauliza.

"Hakuna aliyeligusa."

Halafu nikamsikia anatabasamu, maana kutabasamu kunasikika kwenye simu. "Basi, Bi Rabia," akasema, "washa moto."

Nilipika pilau Jumapili iliyofuata, masufuria ya msiba na ya harusi yote yalitoka, na sikubania viungo. Ernesta na Lusajo walikuja na lori kutoka Buhigwe. Mama Ernesta alileta beberu wake mkubwa, akamkabidhi Omary, mtoto wa dada yangu, amchinje. Alikuwa amemfunga beberu shingoni kwa kipande cha kamba ya katani, nene, kimekatwa kwa panga. Nikamtazama, naye akanitazama.

"Iliyobaki nimeigawa," akasema. "Kila mtu ana mbuzi wa kufunga."